Simu, Gunia na Mikono Miwili: Kujifunza Kuokoa Uhai Kombewa

Mtu akitolewa ziwani bila pumzi, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita. Kutoka bichi ya Kaloka au ya Asat, kwenye Ziwa Victoria, hadi hospitali ya Kombewa, kaunti ya Kisumu, hata ukibahatika kupata pikipiki yenye mafuta na dereva asiyeogopa mashimo, dakika hizo zitakwisha ukiwa bado njiani. Kwa hiyo atakayemwokoa ni yule aliyesimama karibu naye: mvuvi anayekunja nyavu, mama anayesubiri omena (dagaa), kijana aliyekuja kuoga. Daktari ana kazi yake, lakini zamu yake ni ya pili.

Tatizo ni kwamba watu hao hawajafundishwa. Walimu wa huduma ya kwanza ni wachache, wengi wanakaa mjini Kisumu, na kozi ya siku nzima humgharimu mvuvi ada pamoja na mapato ya siku. Simu, kwa upande mwingine, zimejaa ufuoni. Makala haya yanaeleza jinsi kikundi cha watu wa kawaida kinavyoweza kujifunza huduma hii kwa video, bila mwalimu, na kuijua. Sharti ni moja tu: anayejifunza asiketi kutazama. Apige magoti, aweke mikono kazini, atende huku picha inacheza. Hakuna aliyejua kuendesha baiskeli kwa kumtazama jirani akiendesha.

Njia hii imejaribiwa

Mwaka 1997, Allan Braslow na wenzake huko Marekani walichapisha katika jarida la Resuscitation matokeo ya jaribio lao. Waliwapa watu video ya nusu saa hivi na sanamu ya bei nafuu ya kufanyia mazoezi, wakawalinganisha na waliopitia kozi ya kawaida ya darasani. Waliojifunza kwa video walifanya vizuri zaidi. Nguvu ya njia ile ilikuwa hapa: kila mtu alikuwa na sanamu yake, na kila kitendo alichoonyeshwa alikifanya papo hapo. Hakupoteza muda akisubiri zamu au akisikiliza hotuba.

Katikati ya miaka ya 2000, Denmark iliwagawia wanafunzi wa darasa la saba sanamu zipatazo 35,000 za kujazwa upepo, kila moja na video yake. Wanafunzi walizibeba hadi nyumbani, na kwa wastani kila mmoja aliwafundisha watu wengine 2.5 katika jamaa na marafiki. Uingereza nako, mwaka 2022, shirika la British Heart Foundation lilitoa mafunzo ya dakika 15 yaitwayo RevivR, ambayo hayahitaji sanamu kabisa: simu yako na mto mgumu wa kochi vinatosha.

Hapa Kenya, KEMRI-Wellcome na Chuo Kikuu cha Oxford wametengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE unaowafunza wahudumu wa afya namna ya kushughulikia dharura. Kujifunza kuokoa uhai kwa simu, basi, si jambo geni nchini. Kilichobaki ni kulishusha hadi ufuoni.

Chagua video inayolingana na ziwa

Hapa ndipo vikundi vingi vinaweza kupotea. Ukitafuta kwenye intaneti utakutana kwanza na video zinazofundisha kukandamiza kifua pekee, bila kupuliza pumzi. Mbinu hiyo Shirika la Moyo la Marekani liliitangaza mwaka 2008 kwa ajili ya mtu mzima anayeanguka ghafla mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo moyo wake umesimama, lakini damu yake bado ina oksijeni, hivyo kuisukuma tu kunasaidia kwa dakika za mwanzo.

Aliyezama ni kinyume. Kilichokatika kwanza kwake ni pumzi, na moyo ulisimama baadaye kwa kukosa oksijeni. Ukimkandamiza bila kumpulizia, unazungusha damu tupu. Watoto wengi ambao moyo wao husimama wako katika hali hiyohiyo. Na watoto ndio tunaowapoteza sana majini: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa hawajafikisha miaka mitano.

Kwa hiyo, kabla ya kusambaza video yoyote Kombewa, ipime kwa maswali haya:

1. Je, inafundisha kupuliza pumzi pamoja na kukandamiza kifua?
2. Je, ina sehemu ya aliyezama, na inaanza na pumzi? Mwongozo wa Ulaya huanza na pumzi 5, wa Marekani pumzi 2. Zote mbili zinakubalika. Chagueni video moja mshikamane nayo, msije mkaanza kubishana mbele ya mgonjwa.
3. Je, inaonyesha mtoto na mtoto mchanga?
4. Je, inakupa nafasi ya kutenda pamoja nayo, au ni maelezo tu?
5. Je, imetolewa na chombo kinachojulikana, kama Msalaba Mwekundu au baraza la ufufuaji la nchi fulani? Video ya mtu binafsi anayetafuta watazamaji iache.

Lugha isikuzuie. Video ikiwa ya Kiingereza, zima sauti, kisha mtu mmoja aliyeitazama mapema awasimulie wenzake kwa Dholuo au Kiswahili huku picha ikicheza. Msimuliaji huyo atajifunza kuliko wote.

Pakueni video mara moja mahali penye mtandao mzuri, halafu mpeane kwa Bluetooth au kadi ya memori ili asiye na bando asiachwe nyuma. Mkitumia WhatsApp, itumeni kama faili ili picha isififie.

Tengeneza kifua cha mazoezi

Sanamu ya dukani ni ghali. Chukua gunia dogo au fulana kuukuu, ulijaze vitambaa na nyavu mbovu hadi liwe gumu, unene wake kama kifua cha mtu. Katikati, karibu na juu, zika chupa tupu ya soda ya lita mbili iliyofungwa kizibo, ikiwa imelazwa. Shona mdomo wa gunia. Ukilikandamiza, chupa inabonyea, na ukiachilia inarudi juu. Kule kurudi juu ndiko unakotaka kukuhisi mikononi, kwa sababu kifua cha mtu nacho lazima kirudi juu kabisa ndipo moyo ujae damu tena. Chora alama ya kalamu katikati ya kifua, na duara ndogo mahali pa kichwa.

Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, usimkandamize kifua mtu aliye hai kwa mazoezi, hata kwa mzaha. Unaweza kumvunja mbavu. Pili, gunia halipumui. Kuinamisha kichwa na kuinua kidevu mnaweza kujaribiana wenyewe kwa wenyewe, lakini kujua kama pumzi yako inaingia na kifua kinainuka kunahitaji sanamu halisi. Kwa sehemu hiyo, ombeni hospitali ya Kombewa au tawi la Msalaba Mwekundu la Kisumu wawaletee sanamu japo mara moja. Mwalimu akija kwa saa moja kwa watu ambao tayari wanajua kukandamiza, saa hiyo itafanya kazi kubwa.

Panga siku na mahali

Wavuvi wa omena hutegemea giza, kwa sababu taa zao huvuta dagaa vizuri usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mavuno hupungua na wengi hukaa nchi kavu. Hizo ndizo siku za mafunzo. Wachuuzi wa samaki wana vikao vya chama, na siku ya chama ni siku nzuri vilevile. Shuleni, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 liliunga mkono wito wa kufundisha ufufuaji kwa watoto kuanzia miaka 12, saa mbili kwa mwaka. Wenye umri huo wana mwili wa kutosha kukandamiza, na ndio mara nyingi wanaoachiwa wadogo zao wanapokwenda kuoga au kuteka maji.

Mahali pawe na kivuli, kwa maana kioo cha simu hakisomeki juani. Banda la BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo), kanisa au darasa tupu vinafaa. Simu moja itazamwe na watu wasiozidi wanne. Iegemezwe kwenye jiwe upande wa kichwa cha gunia, ili anayekandamiza aione bila kugeuza shingo.

Mtu mmoja awe msimamizi. Kazi yake si kufundisha. Kazi yake ni kusimamisha video, kuhesabu muda na kuhakikisha kila mtu amegusa gunia. Wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP ambao serikali ilizindua 100,000 kati yao nchi nzima Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa na simu, wanafaa sana kwa kazi hiyo. Wanajua kila boma na wanaaminiwa.

Kikao cha saa moja

1. Tazameni video yote mara moja, bila kusimama. Hii ni ya kuona safari nzima tu.

2. Anzeni upya, safari hii mkisimamisha kila kitendo. Cha kwanza ni usalama wa mwokoaji. Asiyejua kuogelea vizuri asiruke majini. Amnyoshee anayezama kasia, au amtupie jerikeni tupu iliyofungwa kifuniko na kufungwa kamba. Fanyeni zoezi la kutupa jerikeni nje ya banda, hadi kila mtu aifikishe karibu na alama.

3. Mlaze chali mahali pagumu. Mtikise mabega, umwite kwa sauti. Hajibu? Inamisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, weka shavu lako karibu na mdomo wake huku unatazama kifua. Usizidishe sekunde 10. Kukorota au kutwetatweta kwa nadra si kupumua. Mhesabu kama asiyepumua.

4. Mnyoshee kidole mtu mmoja na umwambie kwa jina apige simu: 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 999 na 112. Ukisema "mtu apige simu", hakuna atakayepiga. Andikeni pia ukutani namba ya hospitali na ya mwenye gari aliye karibu.

5. Mpe pumzi za mwanzo, kisha kandamiza mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, bila kukoma. Kisigino cha mkono mmoja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono. Kwa mtu mzima, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Kwa mtoto, theluthi ya unene wa kifua. Mtoto mchanga hukandamizwa kwa vidole gumba viwili, mikono ikiwa imekizunguka kifua chake. Pumzi za mtoto ziwe ndogo: ukiona kifua kimeinuka, inatosha.

6. Baada ya dakika mbili, badilishaneni. Anayekandamiza huchoka mapema kuliko anavyodhani, na akichoka hushusha kifua nusu bila kujua.

7. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavuni, mdomo ukielekea chini, na umfunike. Kisha apelekwe hospitali hata kama anaongea, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumrudisha pabaya saa kadhaa baadaye. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mkumbushe yeyote atakayewauliza pesa mlangoni.

Kasi: hesabu hadi kumi, mara tatu

Kasi inayotakiwa ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, yaani 30 ndani ya sekunde 15 hadi 18. Msimamizi aipime kwa saa ya simu. Anayejifunza akihesabu moja hadi thelathini kwa Kiswahili, kasi yake itaharibika akifika "kumi na moja", kwa kuwa maneno yanakuwa marefu na mikono inasubiri ulimi. Kwa Dholuo ni vivyo hivyo: "apar" ni fupi, "apar gachiel" inakuchelewesha. Dawa ni kuhesabu hadi kumi, ukakunja kidole cha kwanza akilini, ukahesabu tena, halafu tena. Kumi ya tatu ikiisha, pulizia. Wawili wakifanya kazi pamoja, asiyekandamiza ndiye ahesabu kwa sauti.

Makosa ya kutazama

Video haiwezi kukuona. Ndiyo maana mfanye kazi wawili wawili, mmoja akitenda na mwenzake akikagua. Mwenye simu ya pili amrekodi mwenzake kwa ubavu, kisha walinganishe picha hizo mbili. Makosa manne hujitokeza zaidi.

Viwiko vinakunjwa, na nguvu inatoka mikononi badala ya uzito wa mwili. Mikono inateleza kuelekea tumboni. Mkandamizaji anaegemea kifua kati ya mkandamizo na mkandamizo, hivyo kifua hakirudi juu. Na kituo cha kupuliza kinakuwa kirefu. Pumzi mbili zisizidi sekunde 10 kwa jumla, kisha mikono irudi kifuani.

Msimamizi asimpe mtu pasi mpaka amalize dakika mbili kamili bila makosa hayo. Anayeshindwa arudie siku hiyohiyo. Na asiyeweza kumpulizia mtu asiyemjua, kwa kuogopa au kwa kinyaa, asikae kando: akandamize tu. Si bora kama vyote viwili, lakini ni bora kuliko kushika kichwa na kulia.

Acheni haya

Yapo mambo yanayofanywa ufuoni kwa nia njema ambayo yanamaliza dakika za mgonjwa. Kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Kumviringisha juu ya pipa. Kumkandamiza tumbo. Maji yanayotoka kwa njia hizo mengi ni ya tumboni, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Akitapika mwenyewe, mgeuze ubavuni, msafishe kinywa, endelea. Povu likitoka, usipoteze muda kulifuta.

Jambo la mwisho, nalo ni gumu kuliko yote, ni haraka ya kumpakia kwenye pikipiki. Tunadhani kumkimbiza hospitali ndiko kumsaidia. Mtu asiyepumua akibanwa kati ya dereva na jirani, hakuna anayemkandamiza wala kumpulizia njia nzima. Anza huduma hapo ulipo. Gari likija, aondoke huku mnaendelea kumhudumia.

Rudieni, na msidanganyane

Ujuzi huu hupotea. Watu waliofundishwa, iwe kwa mwalimu au kwa video, huanza kuusahau ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kwa hiyo kila mwezi mpevu wa tatu, toeni gunia, kila mtu afanye dakika mbili, muda unapimwa. Dakika 20 zinatosha kwa kikundi cha watu wanane. Majina ya waliofuzu yaandikwe kwenye daftari la BMU pamoja na tarehe, na aliyepitisha miezi sita bila kurudia jina lake lipigwe mstari.

Na tuseme ukweli. Hata mkifanya yote sawasawa, si kila aliyezama atarudi, hasa aliyekaa majini muda mrefu. Mashine za kushtua moyo hazipo bichi. Anayefaidika zaidi ni yule aliyetolewa mapema: mtoto aliyeteleza kwenye mawe ya kufulia, mvuvi aliyepigwa na tanga, ambaye mwili wake bado una joto ila hapumui. Huyo, pumzi za mtu aliye karibu zinaweza kumrudisha kabla hata simu ya kuita gari haijapokelewa.

Kombewa imezoea kushirikiana na watu wa afya. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Walter Reed kilichopo hapa kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, na familia za hapa ndizo zilizotoa watoto wao. Watu walioweza hilo hawawezi kushindwa na gunia la vitambaa. Viongozi wa BMU, wenyekiti wa vyama, walimu wa shule zilizo kando ya maji: kikao cha kwanza kinahitaji simu moja, gunia moja na saa moja. Tafuteni kwenye kalenda tarehe ya mwezi mpevu ujao, muiandike kwenye ukuta wa banda leo, na chini yake muandike jina la atakayeleta gunia.